Nzige wa Jangwani: Maswali Ambayo Watoto Huuliza Mara kwa Mara

Mwishoni mwa Desemba 2019, watoto wa Mandera, Wajir na Marsabit, kaskazini mwa Kenya, waliona jambo ambalo hata wazazi wao wengi walikuwa hawajaliona: wingu la wadudu lililoziba jua saa sita mchana. Waliolitambua haraka ni mababu na mabibi. Kenya ilikuwa haijavamiwa vibaya kiasi hicho kwa karibu miaka 70. Tangu siku zile maswali hayajaisha, na mengi ni yale yale. Mengine yana jibu fupi. Mengine inabidi ukae kitako.

Nzige ni panzi, au ni mdudu mwingine?

Ni panzi. Miguu ya nyuma ni ile ile mirefu ya kurukia, papasi (zile nyuzi mbili za kichwani) ni zile zile fupi, na meno ya kusaga majani ni yale yale. Kinachomtofautisha ni tabia. Panzi wa kawaida, yule unayemfukuzia kwenye nyasi nyuma ya nyumba, atabaki panzi maisha yake yote. Nzige ana uwezo wa kuacha upweke, akajiunga na mamilioni ya wenzake na kusafiri nao kama jeshi. Kati ya maelfu ya aina za panzi duniani, ni aina chache tu zinazoweza kufanya hivyo.

Wa jangwani, ambaye wataalamu humwita *Schistocerca gregaria*, ndiye anayeogopwa kuliko wote. Mtoto wake ambaye hajaota mabawa tunamwita tunutu. Wengine husema kimatu. Utaliona neno tunutu mara nyingi hapa chini, kwa hiyo likariri.

Kwa hiyo senene naye ni nzige?

Hapana! Swali hili hutoka sana kwa watoto wa Bukoba na Uganda, na lina haki ya kuulizwa, kwa sababu senene nao huja kwa wingi. Lakini senene ni ndugu wa mbali. Mtazame papasi: ni nyembamba na ndefu kuliko mwili wake. Huruka usiku na hupenda taa, ndiyo maana watu huwatega kwa mwanga na mabati. Kundi la nzige huruka mchana na kulala usiku. Halafu kuna tofauti ambayo haihitaji mtaalamu: senene wakija watu hutoka nje na ndoo wakicheka.

Na nzige wa Rukwa?

Hao ni nzige wekundu, aina nyingine kabisa. Hawazaliani jangwani bali kwenye mbuga zinazofurika maji msimu wa mvua, na Tanzania ina mbuga kadhaa za namna hiyo: bonde la Ziwa Rukwa, Iku huko Katavi, Malagarasi na Wembere. Ukisikia Mtanzania wa magharibi anazungumzia nzige, muulize kwanza ni nzige yupi.

Panzi mpole anageukaje kuwa nzige wa kundi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake liliwasumbua wataalamu kwa miaka mingi.

Nzige wa jangwani akiwa peke yake ni mdudu wa haya. Rangi yake ni ya kahawia au kijivu, kama mchanga na majani makavu, ili asionekane. Tunutu wake huwa wa kijani. Huruka usiku, tena peke yake. Akikutana na mwenzake humkwepa, isipokuwa wakati wa kutafuta mchumba. Anaweza kuishi hivyo, na watoto wake na wajukuu wake, bila mtu yeyote kujua kama yupo.

Kisha mvua nzuri inanyesha jangwani. Majani yanachipua, mchanga unalowa, mayai yanaanguliwa kwa wingi. Chakula ni kingi na nafasi ni kubwa, kwa hiyo bado kila mmoja yuko kivyake. Balaa huanza mvua inapokatika. Majani yanakauka, yanabaki mabaka mabaka ya kijani huku na huko, na panzi wote wa eneo lile wanalazimika kukusanyika kwenye mabaka hayo. Sasa hawana pa kukwepana. Wanapandana, wanasukumana, wanagusana miguu.

Miguu ya nyuma ina vinyweleo vinavyohisi mguso. Vikiguswa tena na tena, ujumbe unapanda kwenye mfumo wa fahamu, na mwili unaanza kumwaga kemikali iitwayo serotonini. Binadamu nasi tunayo serotonini; huchangia hali yetu ya furaha au huzuni. Kwa nzige hugeuza woga kuwa mvuto: saa mbili hivi baada ya msongamano kuanza, mdudu aliyekuwa akiwakimbia wenzake anaanza kuwafuata. Watafiti walihakikisha jambo hili kwa njia ambayo ungeweza kudhani ni mchezo. Walimchukua panzi mpweke wakamsugua mguu wa nyuma kwa brashi ndogo ya rangi, kwa saa kadhaa, bila kumwonyesha panzi mwingine hata mmoja. Akageuka. Na mwaka 2009 wanasayansi wa Uingereza na Australia walionyesha kwamba ukiizuia serotonini isifanye kazi, hageuki hata umsonge vipi.

Tabia hubadilika kwanza, rangi hufuata polepole kadiri anavyojiambua. Tunutu wa kundi huwa mweusi na njano. Akiota mabawa anakuwa wa waridi, na akikomaa tayari kuzaa anakuwa njano kali. Rangi hizo hazifichi chochote, zinamwambia ndege, "Usinile, ninakula mimea yenye sumu." Na mara nyingi si uongo.

Tofauti kati ya mpweke na wa kundi ni kubwa kiasi kwamba aina zao huko nyuma zilidhaniwa ni wadudu tofauti. Aliyefumbua macho ya watu ni Boris Uvarov, mtaalamu mzaliwa wa Urusi aliyefanya kazi London. Alikuwa akichunguza nzige wa aina nyingine, na mwaka 1921 akaandika kwamba wale waliodhaniwa wawili ni mmoja, ila ana sura mbili.

Mabadiliko hayaishii kwake. Mama aliyeishi kwenye msongamano hutaga mayai ambayo watoto wake huanguliwa wakiwa tayari wameelekea ukundi. Wakitengana tena kwa muda mrefu, ukoo hurudi polepole kwenye upweke.

Nani anaongoza kundi?

Hakuna. Nyuki wana malkia, siafu wana malkia, lakini nzige hawana mfalme wala malkia wala amri inayotolewa. Kila mmoja anaangalia walio karibu naye tu.

Watafiti waliwaweka tunutu kwenye uwanja wa mviringo na kuwarekodi. Walipokuwa wachache, kila mmoja alijiendea zake. Walipoongezwa, walianza kwenda pamoja, mara upande huu, mara ule. Walipozidi zaidi, wote waligeukia upande mmoja na kuzunguka kama askari kwenye gwaride, bila mtu kupiga filimbi.

Lipo pia jambo ambalo si zuri kusimuliwa wakati wa kula. Tunutu hula wenzao. Aliye nyuma anaweza kumng'ata aliye mbele, kwa hiyo aliye mbele anaona heri aendelee kutembea. Mwendo wao unaoonekana kuwa wa umoja una hofu ndani yake.

Kundi moja linaweza kuwa na nzige wangapi?

Kilomita moja ya mraba (hesabu viwanja vya mpira zaidi ya 100 vilivyopangwa pamoja) inaweza kubeba nzige kati ya milioni 40 na milioni 80. Kila mmoja ana uzito wa gramu 2 hivi, na kwa siku anaweza kula chakula cha uzito sawa na wake. Chukua kalamu. Milioni 40 mara gramu 2 ni kilo 80,000, yaani tani 80 za majani kwa siku moja. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, hulinganisha ulaji huo na chakula cha watu 35,000.

Sasa fikiria kundi lililoonekana kaskazini mashariki mwa Kenya Januari 2020. Lilikadiriwa kuwa na urefu wa kilomita 60 na upana wa kilomita 40. Hiyo ni kilomita za mraba 2,400, eneo kubwa kuliko kisiwa kizima cha Unguja. Zidisha mwenyewe, mimi karatasi yangu haikutosha.

Wanajuaje pa kwenda?

Kwa sehemu kubwa wanakwenda upepo unakokwenda. Mabawa yao yana nguvu, lakini kundi haliendi kinyume cha upepo safari nzima. Linapaa asubuhi jua likishawapasha moto, linaelea na upepo mchana kutwa, na jioni linatua kulala juu ya miti na vichaka. Kwa siku linaweza kusafiri hadi kilomita 150.

Kama umekulia pwani, hapa utaelewa upesi kuliko watoto wa bara. Upepo wa kaskazi, ule uliokuwa ukileta majahazi kutoka Arabuni kati ya Desemba na Machi, ndio huo huo uliowashusha nzige kutoka Somalia na Ethiopia kuingia Kenya. Kusi ikianza kuvuma, hewa inageuka, na makundi huelekea kaskazini tena. Mengine huvuka bahari hadi Pakistan na India. Nahodha wa zamani na nzige wanasoma kalenda moja.

Bahari haiwatishi. Bahari ya Shamu huivuka mara kwa mara, maji ya kilomita 300. Mwaka 1988 kundi lilitoka Afrika Magharibi likavuka Atlantiki, kilomita 5,000 kwa siku kumi hivi, na kutua visiwa vya Karibiani.

Wale wa 2019 walitoka wapi hasa?

Anza na jina lao. Wanaitwa wa jangwani, lakini uvamizi wao ni mtoto wa mvua.

Kusini mwa Arabuni kuna jangwa kubwa la mchanga liitwalo Rub' al Khali, maana yake Robo Tupu, linalogusa Saudia, Oman, Yemen na Falme za Kiarabu. Mei 2018 kimbunga Mekunu kilimwaga maji huko, vidimbwi vikatokea katikati ya matuta ya mchanga. Oktoba mwaka huo huo kikafuata kimbunga Luban. Mchanga ukabaki na unyevu kwa miezi mingi, na nzige wakazaliana vizazi vitatu mahali ambapo hakuna barabara, hakuna mji na hakuna wa kuwaona. Wataalamu wa FAO walikadiria kwamba waliongezeka mara 8,000.

Wakaingia Yemen, nchi iliyokuwa vitani na isiyoweza kutuma watu wa kunyunyizia dawa. Wakavuka hadi Somalia na Ethiopia. Vuli ya 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida, mvua ikanyesha kupita kiasi, na Desemba kimbunga Pawan kikapiga Somalia. Kila walipofika walikuta meza imeandaliwa.

Tarehe 28 Desemba 2019 wakaingia Kenya. Februari 2020 walikuwa Karamoja huko Uganda, wakafika Sudan Kusini na kaskazini mwa Tanzania. Kikundi kidogo kilitua hata upande wa Kongo wa Ziwa Albert, nchi ambayo ilikuwa haijawaona tangu 1944.

Nzige huishi muda gani?

Miezi mitatu hadi mitano kwa kawaida, kutegemea joto na mvua. Jike huchomeka mkia wake kwenye mchanga wenye unyevu, sentimita 10 hadi 15 chini, na kutaga mayai kwenye kifuko cha povu; wa kundi hutaga chini ya mayai 80 kwa kifuko. Kukiwa na joto la kutosha, mayai huanguliwa baada ya wiki mbili hivi. Tunutu wa kundi hujiambua mara tano, na mara ya mwisho hutoka na mabawa kamili. Hakuna kujifunga ndani ya gamba kama kipepeo. Kila akijiambua anazidi tu kufanana na mkubwa.

Wanang'ata watu? Wanaleta magonjwa?

Hawakutafuti wewe, wanatafuta majani. Hawana sumu ya kuuma na hawaambukizi watu magonjwa. Ukimshika vibaya miiba ya miguu yake itakukwaruza, basi.

Madhara yao yako shambani na malishoni. Mtama, mahindi, ulezi, kunde, matawi ya migunga, yote wanakula. Habari nyingi huonyesha mkulima akilia, lakini mfugaji naye huumia vile vile: kundi likipita kwenye malisho, ng'ombe na mbuzi hawabakiziwi kitu, na mfugaji hana ghala la kufungua.

Kupiga madebe na sufuria kunasaidia?

Kunasaidia shamba lako, hakusaidii shamba la jirani. Mwaka 2020 watu walipiga madebe, filimbi na honi za pikipiki, wakawasha moto wa moshi. Nzige waliinuka, wakatua mbele kidogo. Simlaumu mtu anayetetea mtama wake kwa sufuria. Ningefanya hivyo hivyo. Ila idadi haipungui hata kwa mmoja.

Basi wanapunguzwaje?

Njia bora ni kuwawahi wakiwa tunutu, kabla ya mabawa. Tunutu hutembea chini kwa makundi, kwa hiyo mtu mwenye bomba la dawa mgongoni au gari anaweza kuwafikia. Wakisharuka, kazi ni ya ndege na helikopta, na saa ni muhimu: alfajiri, kabla miili yao haijapata joto la kurukia, ndipo kundi huwa limetulia mitini. Ukichelewa hadi saa nne, unanyunyizia miti mitupu.

Nchi za ukanda huu, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, zina shirika la pamoja la kudhibiti nzige wa jangwani, DLCO-EA, lililoundwa mwaka 1962. Nzige haonyeshi pasipoti mpakani, kwa hiyo nchi moja ikilala zote zinaamka na balaa.

Dawa za kemikali huua nzige, lakini zinaweza pia kuua nyuki na wadudu wengine tunaowahitaji. Ndiyo maana Somalia ilitumia zaidi dawa yenye kuvu, *Metarhizium acridum*, inayowashambulia nzige na jamaa zao wa karibu bila kugusa nyuki. Inachukua siku kadhaa kuua. Mtu mwenye njaa na haraka haipendi, na ninaelewa kwa nini.

Hakuna wanyama wa kuwamaliza?

Wapo wa kuwala: korongo, mwewe, kuku, mijusi, na bila shaka kunguru. Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Lakini kunguru naye ana tumbo moja. Atashiba, atalala, na kundi litakuwa bado linapita.

Na sisi tunaweza kuwala?

Watu wameliwa shamba na nzige, nao wakawala nzige, tangu zamani sana. Kwa Waislamu nzige ni halali hata bila kuchinjwa. Huchomwa au kukaangwa baada ya kung'olewa mabawa na miguu.

Tatizo ni dawa. Nzige aliyenyunyiziwa anaweza kuruka kilomita nyingi kabla hajafa, na kwa macho huwezi kumjua. Msimu wa kunyunyizia ukianza, usile na usimpe kuku. Huko Laikipia mwaka 2021 ulikuwepo mradi ulionunua nzige kutoka kwa wanakijiji kwa shilingi 50 za Kenya kwa kilo ili wasagwe kuwa chakula cha mifugo na mbolea. Watu waliwakusanya usiku wakiwa wamelala, na walipimwa dawa kwanza.

Kwa nini waliisha?

Dawa ilifanya kazi kubwa, lakini haikufanya peke yake. Kuanzia mwishoni mwa 2020 mvua za Pembe ya Afrika zilipungua msimu baada ya msimu, mchanga ukakauka, na mayai hayakupata unyevu. Mwanzoni mwa 2022 uvamizi ulikuwa umekwisha. Ukame huo huo uliowamaliza nzige uliendelea kuua ng'ombe na ngamia wa familia zile zile.

Nikimwona nzige leo nifanye nini?

Mmoja au wawili wa kahawia si habari. Wako siku zote. Ukiona wengi pamoja, wa waridi au njano, au tunutu weusi na njano wakitembea upande mmoja, usiwakimbize kwanza. Piga picha kama kuna simu nyumbani. Andika ni wapi, saa ngapi, rangi gani, wameketi au wanaruka, na kama wanaruka, wanaelekea upande gani. Kisha umpelekee mtu mzima awafikishie afisa kilimo, chifu au mtendaji wa kijiji. Rangi usiisahau: wa waridi bado wana siku za kuruka kabla ya kutaga, lakini wa njano huenda wanatafuta mchanga jioni hiyo hiyo.